Mteremko Haujui Cheo

Kisa hiki ni cha kubuni, na Sajenti tutakayemfuata hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Lakini barabara anayopita ni ya kweli, miteremko yake ni ya kweli, na makosa yaliyofanywa na watu waliompenda ni makosa ambayo wengi wetu tungeyafanya kwa moyo safi. Ndiyo maana kinafaa kusimuliwa kwa askari wanaokaribia kustaafu, kwa familia zao, na kwa kila mwenye nia ya kuwasaidia wapate kazi ya kuendesha malori.

Sajenti alilitumikia Jeshi la Wananchi kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa akiwa dereva. Alibeba askari, mahema, chakula na mafuta kwenye njia za vumbi na za matope. Hakuwahi kupindua gari wala kuchelewa kufika. Alipostaafu alirudi Mafinga akiwa bado na nguvu zake na watoto wawili wa sekondari. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba, kikanunua shamba dogo la miti, na kilichobaki kikaanza kuisha kwa karo na mbolea. Miti ya mbao humtaka mtu asubiri miaka mingi kabla ya kuvuna, na karo haisubiri.

Mafinga ni mji wa malori. Mbao na nguzo hutoka huko kila siku, na usiku kucha hupita magari ya Zambia na Kongo, yakipanda na shehena za bandarini na kurudi na shaba. Mtu aliyezoea usukani akikaa kando ya barabara hiyo bila kazi, hawezi kukosa kuwaza kwamba kazi yake iko pale mbele ya macho yake.

Wastaafu wenzake walikuwa na umoja wa kusaidiana. Walikaa kikao, wakachanga fedha za kumpeleka chuoni akasomee udereva wa magari makubwa. Kisha mmoja akauliza swali lililoonekana la busara: mtu aliyeendesha magari ya jeshi miaka yote hiyo akasome nini? Ujuzi hauzeeki. Wakaafikiana. Sehemu ya fedha ikatumika kuharakisha leseni ya daraja E, iliyobaki akapewa mkewe kwa mahitaji ya nyumbani. Mmoja wao akampigia simu mtu aliyekuwa na malori matatu.

"Nakuletea mtu wa jeshi," alimwambia. "Pombe hagusi, saa anaijua, na ukimpa agizo hulirudii mara mbili."

Mwenye malori alifurahi. Sifa ya mwisho ndiyo iliyomvutia kuliko zote.

Safari ya kwanza Sajenti aliwekwa pembeni ya dereva mzoefu ili aonyeshwe njia. Lakini walitoka Tunduma kwenda Dar es Salaam na tela tupu, kwa sababu siku hiyo mzigo wa kurudi haukupatikana. Gari lilipanda kwa wepesi na kushuka kwa utulivu. Mlima wa Kitonga, kule Kilolo, waliuteremka bila shida, breki zikishika kila zilipokanyagwa. Walipofika bandarini, dereva yule alimpa mkono na kumwambia kuwa ni dereva mzuri. Hakudanganya. Hakuna aliyekumbuka kwamba Sajenti alikuwa bado hajaliona lile gari likiwa na mzigo.

Safari ya pili alipewa gari mwenyewe, na mbolea ya kupeleka hadi mpakani Tunduma. Utingo wake alikuwa kijana aliyemaliza mkataba wa kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) bila kupata ajira, akaingia kwenye malori na kuyazoea. Barabara ile aliijua kona kwa kona. Kwa mazoea ya kambini na kwa heshima ya umri, alimwita Sajenti "Afande", na Sajenti alilipenda jina hilo.

Kitonga waliupanda kwa gia ndogo, polepole, foleni ya magari nyuma yao. Mizani ya Wenda wakapita salama. Makambako walisimama kula. Utingo alizunguka gari, akakaribisha kiganja kwenye magurudumu ya tela, akarudi na uso uliobadilika.

"Afande, magurudumu ya nyuma kushoto yanaunguza. Na upepo unavuja mahali, nausikia."

Sajenti alishuka, akasikiliza, akausikia. Akampigia simu mwenye gari. Aliambiwa kwamba mzigo unangojewa, kwamba siku moja ya kulala Makambako ni hasara, kwamba fundi yupo Tunduma na atashughulikia yote. Ashuke nalo taratibu tu.

"Sawa, bosi," alijibu Sajenti. Hakujibu hivyo kwa uoga. Alikuwa mtu aliyefunzwa miaka ishirini kwamba agizo la mkuu hutekelezwa kwanza, na malalamiko, kama yapo, hupelekwa baadaye.

Kesho yake asubuhi walilikata jiji la Mbeya, wakapita Uyole, Mafiati, wakafika Iyunga. Mbele yao ulikuwa mteremko wa Iwambi unaoshuka hadi Mbalizi. Utingo akasema kwa sauti ya chini:

"Afande, hapa madereva wanasimama kwanza. Wanaweka gia nzito kabla ya kuanza kushuka."

"Kijana, mimi nilishika usukani wewe hujazaliwa."

Utingo alinyamaza. Hakuna kijana aliyepita JKT ambaye angeendelea baada ya jibu hilo.

Walianza kushuka na gia ya juu. Mwanzoni breki zilishika. Kisha zikataka kukanyagwa zaidi, na zaidi tena, na harufu ya kuungua ikaingia ndani ya kichwa cha gari. Sajenti akajaribu kurudisha gia. Akaitoa ya juu, lakini ya chini ikagoma kuingia kwa sababu magurudumu yalikuwa yanakwenda kasi mno. Sasa gari halikuwa na gia kabisa. Akaikanyaga breki mara nyingi mfululizo, na kila alipoikanyaga, upepo uliokuwa ukivuja ulipungua zaidi. Chini alikuwa akiona daladala na pikipiki. Akafanya jambo la kishujaa lililobaki: akageuza usukani, akaliingiza gari kwenye ukingo wa mlima, upande wa utingo.

Yeye alivunjika mguu. Kijana hakutoka mzima.

Mahakamani alisimama Sajenti peke yake. Mwenye gari alieleza kwamba dereva alikuwa na uhuru wa kusimama wakati wowote, na kwamba aliyeshika usukani ndiye mwenye wajibu. Simu ya Makambako haikuwa na shahidi. Shahidi pekee alikuwa amezikwa.

Hicho ndicho kisa. Atakayedhani nimekitia chumvi aitazame barabara yenyewe. Juni 7, 2025, lori lililoshindwa breki kwenye mteremko huohuo wa Iwambi liligonga magari mengine na watu 28 wakapoteza maisha. Mwaka 2018 nako Mbeya ilizika watu wengi baada ya malori kushindwa breki kwenye miteremko yake. Upande wa Iringa, Machi 2015, lori na basi viligongana Changarawe, karibu na Mafinga, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kila ajali ilikuwa na sababu zake, wala simfananishi dereva wa yoyote kati yake na Sajenti wetu. Ninachosema ni kwamba barabara hii haina nafasi ya mtu kujifunzia kwa kukosea.

Tuanze na gari lenyewe, maana hapo ndipo wale wastaafu walipokosea hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu lori la ekseli saba kufika tani 56. Lori la kawaida la ekseli sita, kichwa chenye tatu na tela lenye tatu, hufika tani 50. Gari la jeshi la kubebea askari na vifaa halikaribii uzito huo, na mara nyingi halina tela. Tani 50 zikishuka mita 100 tu kwenda chini, nguvu inayopaswa kuzuiwa inatosha kuchemsha lita zaidi ya 140 za maji ya baridi. Nguvu hiyo haipotei. Kama injini haikuibeba, yote inageuka joto kwenye ngoma za breki. Ngoma ikipata joto kali hutanuka na kusogea mbali na viatu vya breki, viatu navyo hupoteza ung'atu wake, na dereva hukanyaga pedali ya gari zima kabisa bila gari kutii.

Kwa hiyo dereva wa mlimani hutegemea gia kwanza, kisha breki. Huichagua gia kabla mteremko haujaanza, kwa kawaida ile ambayo angepandia mlima huohuo au ndogo zaidi, na haibadilishi hadi afike chini. Breki huikanyaga kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo, kisha huiachia ipoe, badala ya kuishikilia muda wote. Kama gari lina breki ya egzosi, huiwasha mapema. Na kamwe haendeshi kwa nyutro. Wapo wanaofanya hivyo ili kuokoa dizeli, wengine kwa sababu wamepewa mafuta ya kubana, wengine ili wauze kinachobaki. Lita chache hizo zimezika watu.

Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililo gumu kwa askari kulielewa. Angefundishwa kwa wiki chache kwenye mteremko halisi na gari lenye mzigo halisi, Sajenti angekuwa miongoni mwa madereva bora wa njia ile. Alikuwa na macho, utulivu na afya. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kazi hii ni mpya kwake.

Nchi yetu imewahi kupita hapa. Katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini, wakafika Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942, na Burma kuanzia 1944. Kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki kilifundisha udereva vijana wengi ambao kabla ya hapo hawakuwahi kugusa usukani. Waliporudi, wapo walioweka akiba zao kwenye malori ya zamani ili wafanye biashara, na wengi biashara hizo ziliwafia mikononi. Kuendesha walijua. Hawakufundishwa kukadiria gharama za vipuri, kupanga mizigo, wala kuishi na madeni. Shule ya ufundi ya Ifunda, hapohapo mkoani Iringa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Ilikuja kuwa shule ya kutajika, lakini kwa askari aliyerudi nyumbani mwaka 1946 akiwa na fedha mkononi ilikuwa imechelewa.

Barabara yenyewe nayo inatufundisha gharama ya haraka. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 11, 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kuingiza mafuta na kutoa shaba. Malori yakamiminwa kwenye barabara ya udongo kupitia Iringa na Mbeya, mvua na kiangazi, kabla haijawekewa lami. Wageni waliibatiza jina la jehanamu, na mabaki ya malori yalilala mabondeni. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mzigo ukagawanyika. Leo umerudi kwa wingi barabarani, na wanaouvuta wanahitaji kuandaliwa kuliko wale wa 1966.

Wapo wanaosema Marekani askari mstaafu hupewa leseni ya lori bila jaribio. Wasimulie na masharti. Msamaha wa jaribio la vitendo hutolewa kwa aliyeendesha magari mazito ya aina hiyohiyo jeshini kwa angalau miaka miwili, mwenye rekodi safi, na anayeomba kabla hajamaliza mwaka mmoja tangu aache kazi hiyo. Maana yake ni kwamba wanampima mtu kwa gari aliloendesha, si kwa sare aliyovaa. Tukitaka kuiga, tuige hapo.

Sasa mafunzo, na niyaseme wazi kwa kila mhusika.

Kwa wanaotaka kumsaidia mstaafu: msifupishe njia yake. Fedha mlizochanga ziende kwenye mafunzo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, Dar es Salaam, tangu mwaka 1975. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Mbeya na Iringa, na chuo chake cha Kihonda, Morogoro, kinajulikana kwa mafunzo ya madereva. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoanzishwa mwaka 2019, huwapima na kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Ulizeni mafunzo yanachukua muda gani na yanagharimu kiasi gani, kisha changeni na posho ya familia yake kwa muda huo, kwa sababu mara nyingi kinachomkimbiza mtu asisome ni njaa ya nyumbani. Na kiulizeni chuo swali moja kabla ya kulipa: mwanafunzi atashusha mlima na gari lenye mzigo, au ataishia uwanjani?

Kwa mstaafu mwenyewe: kubali kuwa mwanafunzi. Cheo chako ulikipata kwa halali na hakuna anayekuondolea. Lakini safari zako za mwanzo omba uende na dereva mzoefu, kwenda na kurudi, na moja yake iwe na mzigo kamili kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Ukipewa safari ya tela tupu na kuambiwa umehitimu, sema bado.

Na hapa nifike kwenye jambo ninaloliona zito kuliko gia na breki. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na jeshi limejengwa juu ya usikivu huo. Uraiani, ndani ya lori, Sajenti alimsikia mkuu, na mguu ulivunjika kwa sababu hiyo. Aliyepaswa kusikilizwa alikuwa mdogo kuliko wote. Maneno mawili tu ya utingo yangeokoa safari: lile la Makambako na lile la Iyunga. La kwanza lilishindwa na amri kutoka juu, la pili likazimwa na cheo kilichokuwa kimeachwa kambini lakini bado kinaishi kichwani. Nidhamu ya askari ni mali kubwa barabarani, ikielekezwa kwenye gari na kwenye sheria. Ikielekezwa kwa mwenye mali anayehesabu siku, inaweza kuua.

Kwa hiyo mafunzo ya mstaafu lazima yamfundishe kukataa. Afundishwe kusema, kwa adabu na kwa uthabiti: gari hili halitoki hapa hadi breki zitengenezwe. Afundishwe kuandika kasoro kwenye ujumbe wa simu na kuutuma, ili lisibaki neno la mdomo lisilo na shahidi. Afundishwe pia kwamba utingo ni macho yake ya nyuma, na kwamba kijana akisema gurudumu linaunguza, kazi ya dereva ni kushuka na kuligusa.

Kwa mwenye malori: ukimchukua mstaafu kwa sababu habishi, umechagua sifa isiyofaa. Mchukue kwa sababu hanywi, hachelewi, hatupi vifaa na hukagua gari kabla ya kuondoka. Kisha mwambie mbele ya utingo wake kwamba siku atakayosimamisha gari kwa sababu ya usalama hatakatwa mshahara wala posho. Siku moja ya kulala Makambako ni hasara ndogo mno ukiiweka kando ya gari lililopinduka, mbolea iliyomwagika na msiba.

Kwa utingo: heshima haikukatazi kusema mara ya pili. Sema tena, na kama hasikii, omba ushushwe kabla ya mteremko. Wapo madereva waliosimamisha gari kwa sababu tu kijana alifungua mlango.

Kwa jeshi na serikali: askari asingoje afike nyumbani ndipo aanze kuulizia chuo. Miezi ya mwisho ya utumishi ndiyo muda bora wa kumpima, kutambua anachokijua na kumfundisha asichokijua, akiwa bado analipwa na familia yake haijaanza kuhangaika. Vijana wanaomaliza JKT, wakiwemo wa kambi za Mafinga na Itende zilizo jirani na barabara hiyohiyo, waingizwe kwenye mpango huo, waanze kama utingo wenye mafunzo na njia ya wazi ya kuwa madereva.

Askari aliyeitumikia nchi kwa miaka ishirini anastahili kungojewa miezi michache zaidi ajifunze kazi mpya. Anayemwambia kwamba hana haja ya kujifunza anamnyima haki yake, hata kama anasema hivyo kwa kumheshimu.